Upepo Tuliokataa Kuulipia

Jana nimefika Tunduma, nikafungua bomba la uani kwa marehemu bibi ninawe uso. Likakoroma, likapiga mluzi mrefu, likanyamaza. Nikacheka peke yangu. Kama umekulia huku kwetu unaujua mluzi ule: ni upepo unaotangulia maji.

Utotoni mwangu maji yalitoka mara mbili kwa wiki. Bibi alitupanga mimi na dada na ndoo zetu, maharage yakichemka jikoni, honi za malori ya mpakani zikilia kule chini. Siku moja akaiinamia mita. Ndoo ilikuwa kavu, lakini mita ilizunguka mbio.

"Njooni mwone," akatuita. "Tunauziwa upepo!"

Bili ilipoletwa, aligoma kulipa. Tangu siku hiyo, kila ndoo iliyojaa niliichorea mstari wa mkaa ukutani.

Fundi wa maji akaja na spana. "Shikamoo, bibi. Nimetumwa kukata."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza ule mahindi. Maji yakija, tazama mita, ndipo ukate."

Akakaa. Mluzi ulipoanza, mita ikakimbia. Fundi alitafuna taratibu, macho chini.

"Nimeona, bibi. Lakini nisipokata, kazi sina."

"Basi kata. Ila ukaseme ulichokiona."

Akakata.

Tukarudi kuchota kijitoni. Kilima cha kurudi nyumbani kilinitoa machozi. Shingo iliuma, maji yalinimwagikia mgongoni, na asubuhi moja nikamwambia bibi alipe tu, yaishe. Hakunigombeza. "Ukilipa upepo wako mwezi huu," alisema, "mwezi ujao watakuletea na wa jirani."

Jirani yetu muuza vitumbua alisikia. Naye akagoma. Kisha akina mama wa mtaa mzima wakabeba ndoo tupu hadi ofisi ya maji, wakazipanga sakafuni mpaka mlangoni, wakaketi. Nilikuwa nimeshika kanga ya bibi. Alitaja idadi ya mistari yetu bila karatasi.

Mkubwa wa ofisi akauliza, "Nani shahidi wa hayo ya upepo?"

Halafu sauti ikatoka nyuma, karibu na ukuta.

"Mimi. Niliyaona kwa macho yangu."

Alikuwa yule fundi. Akaeleza jinsi mita ilivyokimbia ndoo ikiwa kavu.

Bili za mtaa zikakokotolewa upya, na bomba letu likafungwa kifaa cha kutoa hewa. Bibi alilipia ndoo zake siku ileile, akadai risiti, akarudi nyumbani kifua mbele.

Wale akina mama sasa wengine wamehama, wengine tumewazika. Bili inaingia kwenye simu. Kila mtu anaisoma kivyake, anaguna kivyake, analipa. Kile kifaa kimeshang'olewa, na hakuna aliyeuliza. Leo nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani twende pamoja ofisini. Dada mmoja wa jirani amenihurumia: "Utapoteza muda wako bure."

Labda. Siku hizi kila mtu anakatiwa maji peke yake. Mimi kesho asubuhi naenda.