Saa ya Msikiti na Waya wa Ushirika

Kazi yangu haielezeki harusini. Mtu akiniuliza nafanya nini, nikajibu kwamba naandika madereva, ataniuliza ya magari ya wapi. Nshazoea. Nakaa ghorofani kwetu Mji Mkongwe, naandika programu ndogo ndogo zinazokiwezesha kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta kuzungumza na chipu zilizomo ndani ya mashine, na wateja wangu ni watu wa mbali nisiowajua hata sura. Shangazi zangu wameshaamua kwamba natengeneza simu. Wamenipumzisha, Mungu awape kheri.

Basi Ramadhani iliyopita heshima yangu ikapanda ghafla: nikahitajiwa na kamati ya msikiti mmoja wa Jang'ombe, ule anamoadhini ami yangu, mdogo wake baba, tangu mimi sijaota meno.

Kamati hiyo, mashallah, ni watu wa maendeleo. Tajiri mmoja mwenye nyumba za wageni Bwejuu aliwatunuku saa kubwa ya taa nyekundu, inayoonesha nyakati za sala na kulia kila wakati unapoingia. Kabla hata haijatundikwa sawasawa, mwenyekiti alishatoa amri: kuanzia leo mwadhini hatazami mbingu, anatazama saa. Ikilia, aadhini, isipolia, akae. Ami akajibu "Naam", maana ndivyo alivyo, na tangu hapo akawa anaamrishwa na kisanduku.

Chungu cha tano, yaani siku ya tano ya mfungo, nilikuwa kwa ami, nimealikwa futari. Saa ikalia msikitini, ami akaadhini, Jang'ombe nzima ikafuturu. Uji ukashuka, mihogo ya nazi ikamegwa, kachori zikawa zinapita mkono kwa mkono. Mara tukagundua kuna kimya. Misikiti yote ya jirani, kimya. Mke wa ami akaniangalia, nami nikamwangalia, na sambusa nimeiuma nusu siwezi kuitema wala kuimeza. Baada ya dakika chache, uji umeshafika ulikokwenda, ndipo adhana zikaanza kutoka kila upande. Lahaula! Mtaa mzima umekula mchana.

Funga inalipika. Siku moja baada ya Ramadhani unafunga, yamekwisha. Lakini watu wakikasirika na tumbo limejaa wanakuwa na nguvu za kutosha. Ami hakuteremka ngazi za msikiti ila alishapewa jina la kejeli. Mwenyekiti akatangaza, kwa huruma kubwa kabisa, kwamba mzee wa watu macho yameshakwenda na masikio yako njiani, na kwamba Ijumaa kamati itakaa kuamua kama aendelee kuadhini. Saa haikutajwa. Saa ina taa bwana, itakosea vipi?

Kesho yake ami alikuja kwetu. Nikamwamkia, akanijibu "Marahaba" na kukaa pale mlangoni bila kuvua kofia.

"Mwanangu," akasema, "mimi niliisikia ikilia. Au sikuisikia?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaniwaka moto. Kumwambia mtu kakosa ni jambo moja. Kumfikisha mahali asijiamini yeye mwenyewe, hilo lilinitia uchungu nisioweza kuusema. Nikamwambia, "Umeisikia, ami. Hata mimi nimeisikia nikiwa barazani kwako." Nikavaa buibui nikaenda kuitaka hiyo saa. Mwenyekiti akaniruhusu nifungue, akinisisitizia nisiiharibu, na kila alilotaka kuniambia alimwambia katibu aniambie, ingawa nilikuwa nimesimama mbele yake.

Hapa niruhusuni nieleze kidogo. Chipu nyingi zina mguu mmoja ambao kazi yake ni kuisahaulisha chipu yenyewe. Ukiubana, chipu inasahau kila kitu. Ukiuachia, inaamka kama imezaliwa sasa hivi. Ndiyo dawa ya chipu iliyoganda. Lakini kiini cha mfumo endeshi hakina macho. Hakijui kipi kimefungwa wapi mpaka mtu akiandikie maelezo: chipu hii ipo hapa, waya wa kuizindua, ule unaoshika mguu wake, ni ule pale, na waya huo ni wake peke yake au ni wa ushirika. Ukikiambia ni wake peke yake, dereva wa chipu hiyo ataubana anapotaka. Ukikiambia ni wa ushirika, haubanwi mpaka washirika wote waridhie. Na kinaamini lolote utakaloandika, maskini ya Mungu.

Mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kulisomea hilo. Nyumba yetu ni ya urithi, jamaa wako kila tabaka, na suichi kuu ni moja, chini ya ngazi. Binamu yangu wa juu pasi yake ikitoa cheche hushuka akakata umeme wa nyumba nzima, samaki wetu wakayeyuka ndani ya friji. Ukimuuliza anakwambia, "Khe! Si nimezima pasi yangu tu?"

Basi ndani ya saa ile mlikuwa na binamu yangu mtupu. Maelezo aliyoyaandika muuzaji wa saa yalisema waya wa kuzindua ni wa chipu ya taa, peke yake. Nikachukua tochi na kioo cha kukuzia, nikaufuata mstari wa shaba kwenye bodi: ukapita chini ya taa, ukageuka nyuma, ukagawika. Tawi moja kwenye chipu ya taa. La pili, bila haya, kwenye chipu ya saa. Ikitokea siku umeme ni mdogo, kipaza sauti kikiwashwa ukayumba, taa zikababaika, dereva akaubana waya kuzizindua taa, na saa nayo ikasahau dunia. Ikaamka inadhani ni Januari mosi.

"Ikisahau hivi," nikamuuliza katibu, "nani anayeitia majira?"

"Mimi," akasema, kifua mbele. "Natazama simu yangu, natia saa na dakika."

"Na tarehe?"

"Tarehe ya nini? Kila Muislamu anajua leo chungu cha ngapi."

Kila Muislamu, naam. Saa ndiyo iliyokuwa haijui. Majira inayo ya kweli, siku inayo ya Januari, na Januari mosi huku kwetu jua huzama mapema kidogo kuliko siku ile tuliyokuwa nayo. Tulifuturishwa kwa jua la mwezi mwingine.

Dawa yake ilikuwa fupi mpaka ikanitia aibu. Nikaandika kwenye maelezo kwamba waya ni wa ushirika, nikamfunza dereva kuuomba kwa ushirika, basi. Taa zikibabaika na zibabaike, saa haiguswi. Nikaongeza na jambo dogo: tarehe ikipotea, saa ioneshe vistari vitupu isilie. Nikaijaribu mbele ya katibu, nikawasha kipaza sauti na kuzima mpaka akaniomba niache.

Ijumaa kamati ikakaa barazani nje ya msikiti, nami nikapewa kigoda pembeni. Nikawaeleza yote, pasi na samaki wakiwemo. Penye wengi pana mengi, lakini siku hiyo walinisikiliza kimya, na nilipomaliza mwenyekiti alisimama akamshika ami mkono mbele ya watu wote. Akasema mzee hana kosa, na anayesema ana kosa aje amwambie yeye. Ami akainama, machozi yanamlengalenga. Wallahi nilijiona mtu.

Mwenyekiti hakukaa. Akaendelea, akinigeukia mimi kwa mara ya kwanza. Alhamdulillahi, akasema, binti yetu ametuthibitishia kwamba sasa saa haikosei. Na saa ikiwa haikosei, mwadhini hahitaji tena uzoefu, anahitaji sauti. Na sauti, kwa bahati, anayo mkwe wake yeye mwenyekiti, kijana aliyejifunza maqamu, mahadhi ya kuadhini. Mzee wetu apumzike, ameshatufanyia makubwa. Wote wakasema inshallah. Katibu akasema mara mbili. Na kila alilolisema kuhusu saa nilikuwa nimemfundisha mimi.

Kesho yake jioni nilikwenda kwa ami. Tulikaa mkekani mbele ya vyakula. Saa ikalia kule msikitini, na sauti ya mkwe ikapanda, nzuri, lazima niseme kweli, nzuri mno.

"Imelia kwa wakati wake?" ami akaniuliza.

"Kwa wakati wake, ami."

"Haitokosea tena?"

"Haitokosea."

"Hongera, mwanangu," akasema, na alikuwa anasema kweli, ndiyo iliyoniumiza.

Halafu midomo yake ikaanza kwenda. Nikadhani anasoma dua. Alikuwa anaitikia adhana, neno kwa neno, taratibu, kama ilivyo sunna kwa kila anayeisikia. Umri wangu wote sikupata kumuona akifanya hivyo, maana mwenye kuadhini ndiye anayeitikiwa. Pale pa "Njooni kwenye sala" akaanza kuyarudia yale yale ya mwadhini, akasita. Mkewe akamwambia polepole kwamba hapo msikilizaji harudii, husema lahaula: hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu.