Mawese Ndani ya Tronsonezi

Mume wangu alinitangazia kwamba mashini yangu ya kushona inaondoka wakati ninageuza mikate ndani ya mafuta, mtoto mgongoni. Alichagua saa yake vizuri. Mwanamke mwenye mafuta ya moto mbele na mtoto nyuma hawezi kugeuka haraka.

Hakusema kuuza. Alisema kubadilisha. Tronsonezi yake, ule msumeno wa moteri aliopasulia mbao msituni, njia ya Masako, ilikuwa imekataa kuwaka tena asubuhi ile. Na kulikuwa na tonton mmoja, mfanyabiashara wa zile familia za Kiislamu za zamani za hapa mjini, aliyekuwa na tronsonezi mpya, bado imo ndani ya karatoni yake, imeshuka na ndege uwanja wa Bangboka. Tonton hakutaka noti. Wakati ule hakuna aliyejua kama noti ya leo itakubaliwa na askari wa kesho. Alitaka mashini ya kushona.

"Ile ya kwangu iko muzee, mama mutoto," mume wangu akasema. "Piston imekwisha. Kutengeneza muzee ni kazi ya bure."

"Na mimi nikizeeka, utanibadilisha na nini?"

"Bon, umeanza."

"Sijaanza. Ngoja nitoe mikate kwanza."

Mashini ile haikuwa kitu cha nyumba. Ilikuwa yangu. Koko yangu, mama wa mama, aliinunua karibu na uhuru, wakati kila mwanamke wa mtaa alitaka nguo ya sherehe. Rebellion ya kwanza, ule uasi wa baada ya uhuru, ilipofika, aliizika ndani ya shamba la ndizi nyuma ya jiko, amepaka chuma chote mawese ili kutu isiingie. Askari wa kila upande walipita juu yake bila kujua. Alipoifukua, kutu haikuwepo, lakini gurudumu lilikataa kuzunguka. Mawese yalikuwa yameganda kwenye kila kiungo kama nta. Alikaa mbele yake na maji ya moto na sindano, anakwangua na kulia, mpaka ikakubali kushona. Ndiyo maana, miaka baadaye, kila nilipotaka kuitia mafuta, koko alinishika mkono kwanza, akanusa chupa, isije ikawa ya mawese. Aliniachia mashini nilipomaliza humanités, shule ya sekondari, section ya coupe-couture, ushonaji. Wenzangu walipata diploma tu.

Sasa ilikuwa rebellion ya wakati wetu. Mto ulikuwa umefungwa, mashua hazikupanda kutoka Kinshasa, na kitu chochote cha kiwandani kilitoka juu kwa ndege au hakikuja. Kitu tulichokuwa nacho kwa wingi ni mawese. Yalishuka kutoka upande wa Opala kwa baiskeli, mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto, yakavuka kwa mtumbwi. Tuliyakaangia mikate, tuliyawasha kwenye taa, tuliyachemshia sabuni, tuliwapaka watoto. Vijana wa toleka walipaka minyororo ya baiskeli zao, halafu wakakuchafulia kikwembe ukipanda nyuma.

Nilitoa mikate, nikamwendea mume wangu uani.

"Kabla tonton hajafika, nataka nione huyo muzee akifa mbele ya macho yangu. Vuta."

Akavuta kamba. Tronsonezi ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta mpaka shati likamganda mgongoni. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona?"

"Nimeona umechoka. Iache pale."

Niliiacha juani, kando ya kamba ya nepi, nikaendelea na kazi zangu, na hasira yangu nikaifanyia kazi kwenye kinu. Ile pondu ya siku ile, majani ya muhogo, ilipondeka kama haijawahi kupondwa. Nilikuwa nikiwaza: nikiamka bila mashini, mbao zikikosa mnunuzi, mtoto atakula nini? Karatoni ya tonton?

Jua lilipokuwa katikati ya kichwa nikamwambia avute tena.

"Nimekwisha kuvuta."

"Vuta."

Ikawaka. Ilitoa moshi mweupe mzito, ikanguruma kama zamani, na kuku wakakimbilia jikoni. Jirani yetu akatoa kichwa juu ya ukuta wa matete.

"Mama mutoto, unakaanga tena? Niwekee mitano."

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Jirani hakukosea. Uwanja mzima ulinuka mikate, na sufuria yangu ilikuwa imepoa zamani. Nikaikaribia tronsonezi, nikanusa, jinsi koko alivyonusa chupa.

"Papa ya mutoto. Umetia mafuta gani ndani ya essence?"

Aliangalia kuku. Moteri ile hunywa essence, yaani petroli, iliyochanganywa na huile kidogo, mafuta ya injini.

"Huile ya moteri iko wapi mu mji huu?" akasema mwishowe. "Kila mutu anatia mawese kwa velo yake."

"Velo haiyanywi. Unapaka munyororo, basi. Hii unainywesha."

Nilikimbia jikoni, nikarudi na chupa yangu. Nilimkumbusha asubuhi ilivyo: mawese yamesimama ndani kama uji wa jana, mpaka uisogeze motoni. Mchana yanateremka yenyewe. Tronsonezi yake haikuwa muzee. Kila asubuhi ilikuwa imekabwa koo, naye anaivuta kamba na kuitukana umri.

Halafu nikaiangalia ile chupa vizuri. Miezi hiyo ilikuwa inashuka haraka, na mimi nilikuwa nimeacha kumsalimu jirani, nikidhani ni yeye anayechota.

Hiyo hasira iliyonipata hapo, siwezi kusema haikuwa tamu. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Lingala, na kwa Kifaransa cha masista. Yeye alikaa juu ya gogo, akafungua bulo za moteri moja moja, akanipokeza kabireta. Niliosha kwa essence. Vitundu vyake vilikuwa vimezibwa na kitu cha manjano, laini, nilichokijua. Nilivizibua kwa sindano ya mashini ileile aliyotaka kuitoa, na nilihakikisha anaona.

Kesho yake tonton alifika na pousse-pousse, mkokoteni wa kubebea mashini.

"Tonton, karibu, kaa. Mashini haiondoki."

"Mume wako alinipa neno, binti yangu."

"Neno lilikuwa la kwake. Mashini iko ya kwangu."

Alimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama kuku, wale wale.

"Tronsonezi mupya haitawasumbua," tonton akasema kwa upole.

"Askari watakapoiona wataichukua, iwasumbue wao. Hii yetu hata mwizi ataionea huruma."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Nikampa mikate. Alikula wa kwanza, akaomba wa pili, kisha akaiangalia mashini mlangoni, kitambaa cha jirani bado chini ya sindano. Akauliza kama mkono wangu unaweza kanzu, maana Idi ilikuwa karibu na vijana wake wamerefuka. Nilimwambia mkono wangu unaweza hata suti, ila anilipe na huile ya moteri ya kweli. Mwenye kushusha tronsonezi kutoka ndege hakosi chupa ya huile.

Hakukosa. Alipoileta, nilifungua kifuniko na kunusa mbele yake. Hakukasirika. Alisema mke wake pia iko hivyo.

Nilishona kanzu zile mtoto akilala chini ya meza, kichwa karibu na pedali, maana sauti hiyo ilimbembeleza kuliko mimi. Na asubuhi ya kwanza mume wangu alipotaka kurudi Masako, ukungu bado uko juu ya mabati, aliweka mguu juu ya tronsonezi, akavuta kamba mara moja. Ikawaka.

Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Nilitoka nje na kikwembe nusu kifuani, nikamtukana baba yake tena.