Bawa la Baba

Ndani ya banda la Pongwe kulikuwa na weupe ambao sijauona tena popote. Ndege ndogo ya zamani, iliyokaa makumbushoni miaka na miaka, ilikuwa imevuliwa ngozi yake, na mimi na baba tulikuwa tukiivika kitambaa kipya ili iruke tena. Upepo ukipenya, kitambaa kilipumua taratibu, nami nikahisi banda zima limeshaiacha ardhi. Ilikuwa raha, sifichi.

Baba ni mshonaji wa kanzu. Fundi wa ndege alipouliza mjini ni nani mwenye mkono wa kushona mabawa, alitajiwa yeye tu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini nani angethubutu kumwambia? Alisema hii ndiyo kazi yake ya mwisho, akachukua bawa la kushoto, mimi nikachukua la kulia.

Fundi alituelekeza: kwenye kila ubavu wa bawa, ule ubao mwembamba unaobeba kitambaa, fundo moja kila baada ya vidole vitatu. Tukashona siku nyingi tukipima kwa vidole, kama tupimavyo tarizi ya kanzu. Hatukufikiri kwamba vidole vya baba ni vinene, na vyangu ni vijiti.

Fundi akaja na rula. Langu sawa. La baba lilipungukiwa mafundo. Akanivuta kando. "Dada, mkaguzi hatalipitisha. Mzee nitamwambiaje?"

"Humwambii," nikamkaripia, utadhani yeye ndiye aliyevinenepesha vidole.

Ijumaa baba hafanyi kazi: msikitini, chakula, usingizi. Ijumaa tatu nilifumua mshono wake na kushona upya, machozi yakinidondoka juu ya kitambaa.

Siku ya kuruka tuliketi mkekani pembeni mwa uwanja. Ndege ikainuka polepole juu ya mikonge, nyepesi.

"Bawa langu lakaaje?" baba akauliza.

"La kushoto limetulia kabisa, baba."

Akacheka. "La kushoto ni lako. N'lilipapasa, nikajua mkono si wangu."

Nilitamani ardhi inimeze. "Nisamehe, baba."

"Ya nini? Mafundo yangu yalikuwa machache. Lakini la kulia, mwanangu, kule nchani ulikaza ovyo. N'liyakaza upya mimi, ulipokwenda sokoni."