Mzee Tulia na Mkono Usiotulia

Mjomba alikuwa na mkono usiojua kukaa bure. Kila alipomaliza jambo, awe amefunga mlango, amenyanyuka kwenye chai au amejibu salamu ya jirani, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilizungusha hewa mara moja kando ya nyonga, duara dogo, kama mtu anayesaga pilipili isiyoonekana. Wageni walidhani ni maradhi na wakamwonea huruma. Wenyeji walijua kuwa ni kamera.

Kamera yenyewe ilikuwa ile ya zamani, ya boksi, nzito kama tofali, inayotoa picha za mraba. Mpigaji huishika tumboni na kuinamia dirisha lake la juu, hata asiyejua akadhani bwana yule anaomba dua. Ukishafyatua, dirisha huingia giza na kubaki giza mpaka uzungushe kishikizo kilicho ubavuni. Hapo kioo cha ndani hushuka, filamu husogea, na springi ya lenzi hujikaza tayari kwa picha nyingine. Mjomba alizungusha mara tu alipofyatua, bila kungoja, na kwa miaka yote ya kazi hiyo mkono ulizoea hata ukawa unafanya hivyo pasipo kamera.

"Kazaliwa na mikono miwili," mkewe alipenda kusema, "mmoja wake, mmoja wa studio."

Mtaani waliacha jina lake wakamwita Mzee Tulia, kwa kuwa hilo ndilo neno alilowaambia wote waliowahi kukaa mbele yake: mabibi harusi, watoto wenye mafua, askari, hata mwili wa marehemu mmoja ambaye jamaa zake walimwomba Mjomba ampige picha kabla ya mazishi. Alimwambia tulia na yule, na huyo peke yake, alidai, ndiye aliyesikia mara ya kwanza.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Dirisha moja kubwa upande wa kushoto, pazia jeupe, stuli, na ukuta uliopakwa rangi ya kijivu mpaka pale mkono wa Mjomba ulipofika bila ngazi. Kwenye kabati la kioo lenzi zake tatu zilikaa ndani ya makopo ya maziwa, kila moja na mfuko wa kitambaa uliojaa mchele mbichi wa kunyonya unyevu, maana kuvu ikishaingia kwenye lenzi hutambaa kama mizizi, na kuitoa ni kazi. Mwezi mmoja mambo yalipobana, mkewe aliichukua mifuko yote mitatu akapika. Mjomba alikula akamaliza, mkono ukazunguka, ndipo akauliza mchele umenunuliwa wapi.

"Kwenye kabati lako," mkewe alimjibu. "Lenzi zimefunga leo."

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuja kukaa nao baada ya ndoa yake kuvunjika. Alikuwa mwalimu, mwanamke aliyekwisha kuvuka arobaini, mzito wa maneno. Aliandaa moyoni majibu ya maswali yote ambayo ndugu huuliza katika hali ile. Mjomba hakuuliza hata moja. Alimpa kipuliza vumbi cha mpira na kitambaa laini, akamwambia, "Anzia katikati, zunguka kwenda nje. Usisugue. Lenzi si sufuria." Basi mpwa akasafisha lenzi, na wiki ile ikapita, na iliyofuata, na maswali hayakuja.

Mkewe Mjomba, ambaye mpwa alimwita Mkaza Mjomba hata mbele za watu kana kwamba ni jina la kwenye kitambulisho, alikuwa na dai moja tu maishani. Nyumba nzima ilijaa picha zake: akiwa bibi harusi peke yake, akiwa amesimama na dada zake, akiwa anaanika nguo na kukasirika. Hapakuwa na picha hata moja aliyokaa na mumewe.

"Atakayetazama kuta hizi atasema niliolewa na pazia," alisema.

"Kinyozi hajinyoi," Mjomba alijitetea.

"Kinyozi hunyolewa na kinyozi mwenzake. Wewe kamera yako humpi mtu hata aipanguse vumbi."

Hilo lilikuwa kweli, mpaka macho ya Mjomba yalipoanza kuingia ukungu. Alilaumu dirisha la kamera kwanza, akalipangusa. Akalaumu balbu. Akalaumu kampuni ya umeme. Daktari alipomwambia ni mtoto wa jicho, mkewe alimshika mkono njia nzima ya kurudi, na walipofika mlangoni akasema, "Tumetafuta mtoto miaka yote ile, bwana. Kumbe alikuwa anakuja, ila kakosea njia." Mjomba alicheka hadi akashika ukuta. Mpwa, aliyekuwa amebeba dawa, hakujua acheke au alie, akaenda kuweka maji jikoni.

Tangu siku hiyo dai la Mkaza Mjomba halikuwa mzaha tena. Alitaka picha ya wawili, kwa kamera ile ile, mume wake akiwa bado anamwona anayekaa naye. Mjomba alikubali. Akaanza kumfundisha mpwa wake.

Kazi haikuwa nyepesi. Katika dirisha la kamera ile kushoto huwa kulia. Mpwa alitaka kumsogeza mtu huku, akasogea kule. Akaelekeza kamera ukutani akidhani anaifuata stuli.

"Nani kakupa shahada?" Mjomba aliuliza.

"Chuo, Mjomba."

"Wakupe na nyingine, ya kukosa mlango."

Hata hivyo alijifunza. Alijifunza kuvuta kile kibamba cha chuma kinachoifunika filamu kabla ya kufyatua, na kukirudisha kabla ya kubandua kisanduku chake. Alijifunza kufyatua kasi zote kila wiki bila filamu, maana shata, ule mlango wa mwanga ulio ndani ya lenzi, isiyofanya kazi hukauka mafuta ikawa mvivu kama mtu mwingine yeyote. Na kabla ya yote alijifunza amri kuu ya nyumba ile: lenzi haitolewi kwenye kamera kabla ya kuzungusha. Ukiitoa haijakazwa, ukaweka nyingine, vitu viwili hivyo havielewani tena. Vinagandana, na mafundi wa kuviamua walikwisha kuzeeka au kufa.

Siku ya picha ilipofika, Mkaza Mjomba alivaa gauni la bluu na kukaa kwenye stuli tangu chai ya asubuhi, asije akakunjamana. Filamu ilikuwa imetolewa kwenye friji, ilikokaa miezi kati ya karoti na maziwa. Ilikuwa ya mwisho. Mpwa aliichukua kamera mezani, ambako Mjomba jana yake alikuwa ameifungia ile lenzi ndefu ya kupigia nyuso. Alibonyeza kujaribu. Haikufyatua. Akazungusha. Haikuzunguka. Akajaribu kuitoa lenzi. Haikutoka.

Aliirudisha mezani taratibu.

"Nani kaigusa?" Mjomba aliuliza.

Nyumba nzima hapakuwa na mwenye ruhusa ya kuigusa bila yeye.

"Paka," alisema Mjomba. "Jana nilimwona analala karibu na kamera."

Paka wao wa kijivu alikuwa dirishani akijilamba mguu.

"Paka kabadilisha lenzi?" mkewe aliuliza.

"Sikusema kabadilisha. Nimesema alikuwa karibu."

"Na huyo paka ndiye aliyekuja chumbani jana nilipokuita ujaribu shati? Maana aliyekuja alikuwa anazungusha upepo."

Mpwa alimtazama mjomba wake, kisha akautazama mkono. Akaielewa jana yote bila kuhadithiwa. Mjomba alikuwa amefyatua kujaribu, kamera ikawa mezani na giza lake, mkewe akaita, akaondoka, na mkono ukazunguka kama kawaida yake, lakini ukazungusha hewa. Aliporudi alijua kuwa amekwisha kuzungusha. Mkono ulikuwa umemwambia hivyo, na macho hayakuweza kuhakikisha. Akatoa lenzi moja, akaweka nyingine.

Mzee alikuwa amekaa, uso wake umelegea. Mpwa aliona kuwa anajua, na kwamba neno moja lingemfanya aifunge studio ile jioni hiyo hiyo, picha na yote.

"Paka huyu ana mambo," mpwa alisema. "Bisibisi nyembamba iko wapi?"

Mjomba aliinua kichwa taratibu. Alivuta droo, akaitoa ile bisibisi ndefu, nyembamba kama sindano ya gunia, akaishika juu ya kamera. Akaisogeza karibu na jicho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kazi ilikuwa kukibandua kisanduku cha filamu nyuma, kuvisukuma vipazia viwili vya ndani, kuipitisha bisibisi gizani mpaka kwenye kijino cha lenzi, na kukizungusha mpaka kilie. Kando ya kijino hicho, upana wa ukucha, kuna kioo cha nyuma cha lenzi. Ukiteleza mara moja umekichora daima.

Aliishika bisibisi kwa muda. Kisha akaigeuza, akampa mpwa wake upande wa mpini.

"Usiharakishe," alisema. "Na usipumue."

"Nisipumue nitakufa, Mjomba."

"Utakufa baada ya kumaliza."

Mpwa aliiingiza. Mkaza Mjomba alifumba macho kwenye stuli yake. Chuma kiligusa chuma, kikasita, kikazunguka kidogo, kikasita tena. Kisha ukasikika mlio mdogo, kama mtu aliyebana ulimi kwenye kaakaa, na lenzi ikabanduka, ikabaki mkononi mwake kama haikuwahi kugoma. Mpwa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kioo kilikuwa safi.

"Kesho huyo paka afukuzwe," alisema Mjomba, na sauti yake ilikuwa imerudi.

Wakakaa wawili mbele ya ukuta wa kijivu. Mjomba alikataa taa, akataka mwanga wa dirisha na mwendo wa polepole wa shata, na alitoa amri kutoka kwenye kiti kana kwamba hajakalia kiti. Kidevu chini. Kamera juu. Mkewe asicheke kwa meno. "Tulia," alimwambia, "tulia sasa." Mpwa aliinama, akawaona dirishani, kushoto kulia, kulia kushoto, wakiwa wamekaribiana kuliko alivyowahi kuwaona, na akafyatua.

Waliisafisha filamu wenyewe, kwenye kile chumba cha giza kilichokuwa zamani stoo ya mkaa. Picha ilipokauka, Mkaza Mjomba aliipeleka dirishani, akaitazama kwa muda, akaanza kutikisika mabega. Nyuso zote mbili zilikuwa kali, kila unywele mahali pake. Lakini mkono wa kulia wa Mzee Tulia, uliokuwa juu ya goti, ulikuwa moshi mtupu.

"Hata humu anazungusha," alisema. "Alishindwa kunisubiri nipigwe."

"Filamu ilikuwa ya zamani," alisema Mjomba.

Ikatundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni haingii bila kuiona.

Operesheni ya macho haikufanyika. Kifua kiliitangulia, wakamlaza hospitalini. Jioni moja, saa ya kutazama wagonjwa ikiwa imekwisha na muuguzi amepita mara ya pili, mpwa aliinuka na kumfunika shuka vizuri. Mkewe alikuwa upande wa pili wa kitanda, anamenya chungwa. Mjomba alimshika mpwa wake mkono ili ainame.

"Yule paka," alisema, "msimwonee. Hakugusa kitu."