Moshi Katika Nyumba ya Matajiri

Baba amekosa kazi kwa sababu yangu. Wacha niseme tu, hata kama aibu itaniua.

Orofa ya juu ya jengo la wakoloni hapa Kericho imegeuzwa nyumba ya matajiri. Kama mkaguzi wa wenyewe kutoka Nairobi angeipenda, baba angeandikwa kuitunza. Siku ya ukaguzi nilimfuata baba huko. Kulikuwa na baridi ya mvua, kwa hivyo nikawasha moto kwenye jiko la ukutani. Niliona haya kuuliza kwanza mafundi walioikarabati. Kumbe bomba lake la moshi lilikuwa limezibwa! Moshi ukajaa, nami nikatulia tu, maana kwetu moshi ndio hukausha mahindi darini.

Mkaguzi akaingia akikohoa. Kuta nyeupe zilikuwa zimegeuka rangi ya chai.

"Nani amefanya hii maneno?"

"Ni mimi, bwana," baba akasema haraka.

Mkaguzi akaangalia mikono ya baba. Ilikuwa safi. Halafu akaangalia yangu, nyeusi tititi kwa masizi.