Salamu ya Mzimu

Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha fasihi, na kila mwaka naandika ubaoni maneno yaleyale matatu: usaliti, ulaghai, mizimu. Nawaambia wanafunzi kwamba tanzia nzuri haipotezi muda. Pazia likifunguka tu, mtazamaji awe ameshaonja vyote vitatu, maana shujaa anaanza kuanguka pale pale, ukurasa wa kwanza, yeye mwenyewe akiwa hana habari. "Mwishoni ni mazishi tu," huwa nasema, na watoto wa watu wanainama kuandika. Wangemjua anayewaambia, wangefunga madaftari wakaenda zao nyumbani.

Jina langu Pantaleo. Nafundisha sekondari moja hapa Miyuji, Dodoma mjini, na mpaka mwaka jana walimu wenzangu wote walijua mimi ni Mrangi wa Kondoa. Si kweli. Mimi ni Msandawe wa Farkwa, huko Chemba. Zamani Chemba ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kondoa, kwa hiyo nikiulizwa kwetu wapi nilijibu "Kondoa," na roho ikatulia kwamba sijadanganya. Baadaye wilaya zikagawanywa, mimi nikabaki Kondoa. Huo Urangi walinipa wenyewe, na mimi sikuukataa.

Mnataka sababu? Upuuzi mtupu. Lugha yetu ina milio ya kugonga ulimi kwenye kaakaa. Nilipokuwa kidato cha kwanza, bwenini, nilizungumza usingizini kwa Kisandawe, na wenzangu wakanicheka muhula mzima, eti nafukuza kuku. Nikaapa hawatanisikia tena. Mtoto wa miaka kumi na minne unaweza kumsamehe. Lakini mimi nina miaka arobaini na sita, nina kitambi na miwani, na mpaka mwaka jana mwalimu Charles wa Uraia alipogongagonga ulimi pale ofisini kuwaigiza watu wa kwetu, nilicheka naye mpaka machozi. Mtu mzima hovyo!

Lugha hiyo alinifundisha dada yangu, Domitila. Mama yetu alifariki sijaota hata meno, Domitila akiwa na miaka kumi na mitatu. Alinibeba mgongoni shambani, kisimani, kanisani, mpaka watu wasiotujua wakadhani amenizaa. Shule akaacha hapohapo, wala sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo. Na alikuwa mkali, jamani! Tukifika kwenye mji wa watu nikaingia kimyakimya, ananishika sikio na kunirudisha hadi njiani.

"Simama hapo. Salimia. Usiondoke kabla hujaitikiwa. Watakuuliza wewe ni wa nani, nawe uwaambie."

Salamu yenyewe ni maneno manne tu, lakini mlio wa pili ulinitoa jasho. Nilikuwa nauharibu, ananirudisha njiani, nasema tena. Kisha wenye mji wanaitikia na kuuliza: wewe ni wa nani? Wenzangu walitaja baba zao. Mimi nilijibu, "Wa Domitila." Watu walicheka kwa upendo, na yeye alijifanya kukohoa ili asionekane anafurahi.

Sasa njooni mwaka jana. Mkuu wetu wa shule, Madam Stara, aliniomba niandae mchezo kwa ajili ya siku ya wazazi. Nikaandika tanzia yangu mwenyewe, na onyesho la kwanza nililipenda kupita kiasi. Mzimu unatoka kisimani mbele ya mtemi na watu wake, unasema maneno ambayo hakuna anayeyaelewa. Mdogo wake mtemi anasimama na kudai yeye anaelewa. "Unasema mtemi aondoke, la sivyo mvua hainyeshi!" Uongo mtupu. Mzimu wa watu umewasalimia tu. Ukurasa mmoja, na vyote vitatu viko mezani: mzimu, mlaghai anayejifanya mkalimani, na mdogo anayemsaliti ndugu yake. Nilijiona fundi kwelikweli.

Lakini mzimu useme nini? Nilitaka maneno ya kutisha, yasiyojulikana hapa mjini. Nikaupa salamu ya dada yangu.

Nilimfundisha Miriam, binti wa kidato cha tatu mwenye sauti nzito, na nikawaambia wenzangu kwamba nilidaka maneno mawili matatu nilipokwenda mazoezi ya kufundisha huko Chemba. "Pantaleo, hicho kilugha chako kitatutoa roho!" alisema Charles. Nikacheka. Sikuona kwamba nilikuwa nimemfanya dada yangu kitisho cha kuchekesha wazazi.

Wiki hizohizo Domitila alikuja kwetu kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alileta mlenda mkavu na asali ya mizinga yake, akakaa jikoni akimsaidia mke wangu, Violeth, kuchambua mchele kwa vidole. Walimfanyia upasuaji jicho la kushoto, wakalifunga bandeji, na la kulia lilikuwa linaona mwanga na kivuli tu. Nilizungumza naye Kisandawe ndani, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini. Aliniuliza mara moja, "Kuna mgonjwa hapa ndani?" Nikasema majirani wanapenda utulivu.

Violeth anaijua asili yangu. Alichokuwa hajui ni kwamba shuleni niliiacha getini. Kwa hiyo nilipomwambia siku ya wazazi asimlete wifi yake, atachoka, yeye akanishangaa. "Achoke nini? Si aende akamsikie mdogo wake anavyosifiwa?" Wakaja. Niliwaona wakiingia ukumbini wameshikana mikono, wakakaa safu ya tatu. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa na maikrofoni, maana mimi ndiye niliyekuwa msimulizi.

Pazia likafunguliwa. Miriam alikuwa ndani ya pipa tulilolifanya kisima, sauti yake ikatoka humo inanguruma. Alisalimia vizuri ajabu, hata ule mlio wa pili. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Na dada yangu akaitikia.

Aliitikia salamu yote, kwa sauti ya mtu aliyeitwa na wa kwao katika mji wa wageni. Alikuwa amesimama, uso kauelekeza kwenye taa, anatabasamu. Hakuliona pipa wala shuka nyeupe aliyojifunika Miriam. Alisikia salamu tu, na kwetu salamu haiachwi ikaanguka chini. Kisha akauliza, polepole, kama anavyoulizwa mtoto: wewe ni wa nani?

Loo! Ukumbi mzima uligeuka. "Mungu wangu, mzimu umeitikiwa!" alipiga kelele mama mmoja. Wengine wakacheka, wengine wakasogeza viti. Madam Stara, aliyekaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti iliyosikika na wote, "Mwalimu, wewe si unaelewa kidogo? Bibi anasemaje?"

Maikrofoni ilikuwa mkononi. Jibu nililijua tangu nina miaka minne, na lilikuwa fupi. Nilimwona Charles ameshaanza kutabasamu, anasubiri.

Nikasema, "Anasema mzimu umemtisha!"

Walicheka hao! Charles alipiga makofi. Domitila Kiswahili anakijua vizuri kuliko mimi. Tabasamu lilibaki usoni pake kidogo, halafu akapapasa nyuma kutafuta kiti, Violeth akamshika mkono, akakaa. Mchezo ukaendelea. Mdogo wake mtemi akasimama jukwaani akadai yeye anaelewa maneno ya mzimu, na mimi nikatamani sakafu ipasuke.

Mngesema yameishia hapo. Hapana. Baada ya mchezo Madam Stara akaja kutusalimia. "Shikamoo, bibi." Akanigeukia. "Mwalimu, huyu ni nani wenu?"

Violeth akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Ni bibi mmoja wa huko Chemba, anatibiwa macho. Tumempa hifadhi."

Mke wangu alinitazama kama mtu asiyenijua. Sijui ni kitu gani kiliniziba. Nilikuwa na nafasi ya pili, tena bila maikrofoni, bila ukumbi kunisikiliza, na nikaichezea.

"Marahaba, mwanangu," dada yangu alimjibu Madam Stara kwa Kiswahili safi. "Ni kweli. Mwalimu amenipa hifadhi."

Tangu siku ile akaniita mwalimu. Mwalimu umeamkaje, mwalimu chakula tayari. Nikimsemesha Kisandawe, ananijibu Kiswahili. Nilimpigia magoti jikoni, nikamwomba radhi, nikalia kabisa, na yeye akasema, "Hamna shida, mwalimu," akaendelea kuchambua mchele. Violeth alikuwa anapita na sufuria bila kunitazama. Jumatatu nilimwambia Charles ukweli wote ofisini, mbele ya walimu. Akasema, "Ah, kumbe! Si ungesema tu," akarudi kusahihisha madaftari. Basi. Miaka yote nilikuwa naogopa maneno hayo tu.

Bandeji ikatolewa, jicho likawa linaona vizuri. Asubuhi ya safari nilimpeleka stendi. Akapanda basi la Chemba, akakaa dirishani, akanitazama kwa lile jicho jipya, kuanzia viatu mpaka miwani. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wangu vizuri baada ya miaka mingi.

Nikarudi nyuma hatua kadhaa, kama alivyonifundisha. Nikasimama katikati ya wapiga debe na abiria, nikasalimia kwa sauti yote niliyo nayo, maneno manne, mlio wa pili bila kosa. Wapiga debe wakaangua kicheko. Safari hii sikujali. Nilikuwa nangoja aniulize mimi ni wa nani.

Mama aliyekaa kiti cha pembeni yake akainama kunichungulia. "Huyo anayekusemesha ni nani wako?"

"Ni mwalimu mmoja wa hapa Dodoma," alijibu Domitila. "Alinipa hifadhi."

Basi likaondoka. Nilibaki nimesimama palepale, maana alinifundisha nisiondoke kabla sijaitikiwa.