Sauti ya Baba Kwenye Valvu

Baba alikuwa msemaji wa ukoo. Kwenye posa za kijiji cha Nambis, na nyingine mpaka Tumati, yeye ndiye aliyesimama kutoa baraka, na hakuna aliyewahi kumwomba apaze sauti. Kisha akapata kansa ya koo. Madaktari wakaondoa zoloto, kiungo cha sauti, akarudi nyumbani na tundu shingoni na skafu ya kulifunika.

Kabla ya upasuaji, dada yangu mkubwa alikuwa amemrekodi kwa simu akimbariki mjukuu wake aliyekuwa anaolewa. Kidonda kilipopona, Baba akaashiria awekewe rekodi hiyo. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Siku hizo alizungumza kwa midomo tu, na ni dada aliyejifunza kuisoma.

"Anasema huyo ni mtu aliyefungiwa ndani ya debe," dada akaniambia.

Mimi ni fundi redio Dongobesh. Nilijua simu hutunza sauti kama namba, na namba hizo lazima zigeuzwe kuwa umeme kabla spika haijatamka kitu. Nikaagiza kibao cha saketi cha kuzigeuza. Sauti ikatoka safi lakini kavu. Ndipo nikaamua sehemu ya mwisho, inayoisukuma sauti kwenda kwenye amplifaya, niijenge kwa valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Baba alikuwa na redio ya aina hiyo juu ya kabati, imekufa miaka mingi. Nikamwomba valvu na transfoma yake. Akakubali kwa kichwa.

Mara ya kwanza nilipoiwasha ilinguruma kama mashine ya kusaga. Nikaacha kuziwasha valvu kwa umeme wa ukutani, nikazifuatanisha mbili zigawane betri ya pikipiki. Ngurumo ikaisha, ila maneno mazito yakakwaruza. Nikabadili rezista, vile vipunguza umeme, moja baada ya nyingine mpaka yakatulia. Kwenye njia ya kutokea nikaweka kapasita nzuri, ili umeme mkali ubaki ndani na sauti peke yake ipite.

Nikaipeleka nyumbani.

"Shikamoo, Baba."

Akanishika kichwani, ndiyo marahaba yake ya siku hizo.

Valvu zikapata moto, nikabonyeza. Sauti ikajaa chumba, na ule mkwaruzo wake wa kifua. Baba akaweka mkono shingoni. Midomo yake ikaanza kufuata baraka neno kwa neno, kisha ikashindwa, akalia bila mlio wowote. Akaashiria nizime.

"Baba, bado si wewe?"

Akamgeukia dada, akatamka taratibu. Dada akanigeukia.

"Anasema ni yeye kabisa. Anasema usiiweke tena."

Tulimzika wakati wa masika, kaburi likijaa maji kadiri vijana walivyochimba. Baba mdogo akanivuta pembeni, akataka niilete ile mashine, ukoo umsikie mara ya mwisho.

"Alikataza," nikasema.

"Alikuwa mgonjwa. Hiyo sauti ni yetu sote."

"Baba mdogo, alikataza," dada akarudia, na simu akaificha ndani ya kitenge.

Baba mdogo aliondoka kabla ya chakula. Hadi leo tukikutana sokoni namwamkia shikamoo, anapita kama hajasikia.